Blanketi la kwanza la mtoto mchanga: anzia kwenye kona

Blanketi la mfumaji mpya huharibikia mstari wa kwanza. Anatia vitanzi 150 kwa mpigo, anavikaza, basi ukingo wa chini unabana huku juu panapanuka. Ndiyo maana tunashauri uanze na kona: vitanzi 4 tu, hakuna ukingo mrefu wa kukaza wala hesabu ya upana.

Nunua gramu 300 za akriliki ya unene wa kati, ile ambayo lebo yake inataja sindano ya milimita 4. Zinatosha blanketi la sentimita 75 kwa 75. Ukiwa Pwani, pamba inafaa zaidi kwa joto, ila ni nzito, chukua gramu 400. Madonge yote yawe na namba moja ya pipa la rangi (dye lot) kwenye lebo. Rangi ileile ikitoka pipa jingine hutofautiana, na mchirizi utauona juani. Wengi hujifunzia spoki za baiskeli, lakini kwa kazi hii ni nyembamba mno, kitambaa kitakakamaa. Tafuta sindano mbili zilizounganishwa kwa waya, urefu wa sentimita 80 au zaidi, kwa kuwa katikati ya kazi utabeba vitanzi zaidi ya 200.

Fuma mstari mmoja kawaida. Baada ya hapo kila mstari ni huohuo: fuma vitanzi 2, zungusha uzi juu ya sindano mara moja, fuma hadi mwisho. Kila mstari unaongeza kitanzi 1 na kuacha kitundu ukingoni. Hesabu vitundu vya kushoto na vya kulia. Vikipishana kwa zaidi ya 1, kuna mahali ulisahau kuzungusha.

Usiweke kazi chini katikati ya mstari. Ukirudi ni rahisi kugeukia upande usio wake, na tundu linabaki katikati ya blanketi. Ukilazimika kuacha, kumbuka: uzi unaotoka kwenye donge huwa kwenye sindano ya mkono wa kulia.

Ukingo ukifika sentimita 75, au mizani ya jikoni ikionyesha nusu ya uzi imebaki, anza kupunguza katika kila mstari: fuma 1, fuma 2 kwa pamoja, zungusha uzi, fuma 2 kwa pamoja, malizia mstari kawaida. Vikibaki vitanzi 4, funga.

Uzi mpya uunge ukingoni, si katikati. Acha mkia wa sentimita 15, uufiche kwa sindano butu ukienda na kurudi. Tunasisitiza hili kwa sababu mkia uliolegea hujizungusha kwenye kidole cha mtoto ukazuia damu. Vifungo na riboni achana navyo.

Akriliki usiipige pasi, hulegea na kuyeyuka. Na blanketi hili ni la kumfunikia mtoto akiwa mikononi. Kabla hajatimiza miezi 12 asilale nalo kitandani, linaweza kumziba pua.