Kabla Hujapakia Gari: Kwa Wageni wa Kazi ya Makumbusho Mashinani

Anayeanza kazi katika idara ya elimu ya makumbusho, iwe Kisumu, Kitale au Hyrax Hill pale Nakuru, kwa kawaida huuliza gari la kupeleka makumbusho vijijini litapatikana lini na mabango ya maonyesho yako wapi. Anza kwingine. Fungua rejista ya vitu usome imewaandika vipi watu unaotaka kuwafikia. Mara nyingi humo ndimo ilimo sababu ya wao kutokuja.

Kumbukumbu za zamani ziliandikwa kwa majina ya enzi ya ukoloni. Vya Waluo na vya Waluhya viliitwa "Kavirondo" bila kubagua. Wapokot ni "Suk", Wakipsigis ni "Lumbwa", Wakeiyo ni "Elgeyo". Waogiek waliitwa "Dorobo", neno lenye asili ya Kimaasai la kumdunisha asiye na ng'ombe, na wenyewe hawalitaki. Sasa fikiria mtu wa Nessuit au Mariashoni, katika Msitu wa Mau, anakuja kutafuta mzinga wa nyuki wa watu wake. Karani anaandika "Ogiek" kwenye kompyuta, kompyuta inajibu hakuna, na mzinga uko rafuni hatua kumi kutoka hapo.

Watafute pia waliofichwa ndani ya jina la jirani. Abasuba wa visiwa vya Mfangano na Rusinga wengi wao sasa huzungumza Dholuo, kwa hiyo ni rahisi chombo chao kuandikwa kuwa cha Waluo. Wanubi wa Kibos, karibu na Kisumu, ambao mababu zao walikuja Kenya wakiwa askari wa Mwingereza, ni rahisi kuachwa nje kwa kudhaniwa kuwa ni wageni tu.

Chagua vitu visivyozidi 30. Kila kimoja kipigwe picha, ichapishwe nusu ya karatasi ya A4, na pembeni uache nafasi tatu tupu za kujazwa na wenyeji: jina kwa lugha ya wenyewe; matumizi; nani anaruhusiwa kukiona au kukigusa. Nafasi hiyo ya tatu ndiyo wageni huisahau, kisha wanaweka vifaa vya jando mbele ya watoto na kushangaa wazee wanapoondoka mmoja mmoja bila kuaga. Maandishi ya zamani usiyafute, hata yakikera. Ni ushahidi wa namna kitu kilivyoingia. Ongeza safu mpya yenye tarehe, na jina la aliyesahihisha ikiwa ameridhia. Wazee wawili wakitofautiana, andika kauli zote mbili. Si kazi yako kuamua.

Halafu kalenda. Wavuvi wa omena, yaani dagaa wa Ziwa Victoria, huvua kwa taa, na taa huvuta samaki usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea haina kazi, na mashua hukaa ufuoni. Basi siku mbili tatu kabla na baada ya mwezi mpevu ndizo za kuwapata watu wa Dunga au Mbita wakiwa na nafasi. Ukienda wakati mwingine, wanaume wamelala na wanawake wako juani wakianika. Watakukaribisha kwa heshima, lakini macho yako kwenye omena, na wana haki. Kamati ya ufuo, ile watu wanayoiita BMU, ndiyo ya kupanga nayo. Jumamosi usiite mkutano penye Wasabato wengi, kama Kisii na Homa Bay. Ijumaa mchana waachie Wanubi kwa ajili ya swala. Jumapili wachuuzi wa Kisumu wako soko la Kibuye.

Barua kwa chifu ni lazima, ila haitoshi. Mkutano ukiitishwa na chifu peke yake, watakaokuja ni wale wanaoelewana na chifu. Peleka maneno kwa njia nyingine mbili: kikundi cha akina mama, kanisa au msikiti, chama cha walemavu. Msitu wa Mau unahitaji uangalifu zaidi. Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba haki za Waogiek zilikiukwa kwa kufurushwa katika ardhi yao, na Juni 2022 ikaagiza walipwe fidia. Ukifika huko na gari lenye nembo ya serikali na askari wa sare, utaonekana umekuja kupima mpaka. Nenda na gari la kawaida, ukitanguliwa na mwenyeji. Ahadi yoyote ya ardhi usiitoe, hata kwa mzaha. Jina la kilima au mto unaloandika linaweza kuwa ushahidi kesho, kwa hiyo omba ruhusa kabla ya kurekodi na acha nakala ya sauti kwao. Zipo sheria mbili za kusoma kabla ya kuwasha kinasa sauti: ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi, na ya mwaka 2019 ya kulinda data za watu.

Sanduku la vitu vya kugusa lisipite kilo 15, maana barabara ya gari ikiisha utapanda bodaboda. Vitu 12 vinatosha kundi la watu 8 hadi 10. Viwe nakala zilizotengenezwa na mafundi wa hapo, au vitu visivyo katika rejista ya kudumu. Kuna sababu mbili, na ya pili ni nzito. Ya kwanza, vitavunjika. Ya pili, ngozi na manyoya ya makusanyo ya zamani katika majumba mengi ya makumbusho yalipakwa aseniki au DDT kuzuia wadudu. Sumu hiyo haionekani kwa macho, na mtoto hutia vidole mdomoni.

Fungia vitu kwa kitambaa cha marekani kilichofuliwa, kisha sponji. Gazeti hapana: wino unahama na karatasi ina asidi. Vikirudi, visipite moja kwa moja hadi ghalani. Kikapu, kibuyu na ngozi vimekaa siku nzima chini ya miti na ndani ya nyumba, na unga laini ukidondoka chini ya kitu ujue kuna mdudu anayetoboa. Funga kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, weka ndani ya friza ya nyuzi 20 chini ya sufuri kwa wiki 2, kisha utoe na uache saa 24 bila kufungua mfuko. Ukifungua mapema, unyevu utaganda juu ya kitu chenyewe na ukungu utaanza. Ngoma iliyowambwa isitiwe friza, ngozi yake itapasuka. Itenge kwenye mfuko, uikague kila wiki.

Kwa viziwi, wengi hukosea jambo moja dogo. Mtu anayemtazama mkalimani hawezi kukitazama chungu ulichokiinua. Sema, nyamaza, onyesha, subiri, kisha endelea. Kipindi kitakuwa kirefu karibu mara moja na nusu, kwa hiyo punguza vitu viwe 8. Wakalimani wawe wawili wakipokezana kila dakika 20, wasisimame na dirisha nyuma yao, na wapate orodha ya majina siku 3 mapema ili wakubaliane na viziwi wenyewe kuhusu ishara za kutumia. Kwa wasioona, Hyrax Hill ina hazina: mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba. Mwache mtu ayapapase na kuyahesabu mwenyewe kabla hujasema ni nini.

Safari ya pili ni ya wao kuja kwako, na kikwazo kikubwa ni lango. Orodha ya majina na barua ya kusamehewa kiingilio zifike kwa mlinzi jana yake, la sivyo kazi ya miezi sita itaishia kwa "mna risiti?" Nauli ilipwe siku hiyo hiyo, si wiki ijayo. Wakifika makumbusho ya Kisumu na kuingia boma la Kiluo lililojengwa pale, lenye nyumba za wake watatu na ya mwana wa kwanza, usikimbilie kueleza. Waulize kwao mlango huelekea wapi, na nani hujenga kwanza.

Ripoti itataka idadi ya waliohudhuria. Iandike, ila soda na mkate vinaweza kukupa mia mbili kirahisi. Hesabu pia safu ngapi za rejista zimesahihishwa, na wangapi wamerudi bila kuitwa.

Nakala ya orodha iliyosahihishwa irudi kijijini ndani ya siku 30, kwa karatasi na si kwa simu tu, iachwe kwa watu wawili wasiokaa boma moja.