Maziwa yanapokuja na mtoto hayupo

Mwili hauambiwi habari za msiba. Kondo la nyuma likishatoka, homoni zilizokuwa zikiyazuia maziwa hushuka, na kati ya siku ya pili na ya tano matiti hujaa. Humpata aliyejifungua mtoto mfu wa miezi tisa, na humpata pia mama ambaye mimba yake ilitoka baada ya wiki 16 hivi. Wengi huruhusiwa kurudi nyumbani bila kudokezwa, kisha huamka usiku kanga imelowa kifuani. Kilio cha usiku ule ni kizito kuliko cha hospitali.

Titi lisiponyonywa hupunguza kazi lenyewe. Maumivu hupanda siku za mwanzo, halafu hutulia taratibu ndani ya wiki moja au mbili, ingawa matone yanaweza kuendelea baada ya hapo. Kosa kubwa ni kukamua mpaka titi liwe tupu, maana mwili huona kuna anayenyonya, ukatengeneza mengine. Kamua kidogo kwa mkono, kiasi cha kuondoa ugumu, uache. Vaa sidiria inayoshika vizuri, usiku na mchana. Usijifunge kanga kwa kukaza: maziwa hukwama na titi huvimba. Weka kitambaa cha maji baridi dakika 10 hadi 15, mara kadhaa kwa siku. Kwa maumivu, paracetamol mbili za miligramu 500 kila baada ya saa sita, zisizidi nane kwa siku. Na kichanga cha jirani kikilia ukahisi maziwa yanashuka, bonyeza chuchu kwa kiganja, bila kupapasa, mpaka yatulie.

Pwani mzazi hukandwa kwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga ili maziwa yaje. Wifi aliyeamka alfajiri kuupika hana kosa, ila mama huyu apikiwe uji wa kawaida, na maji ya moto yasifike kifuani. Dawa za kukausha maziwa zipo, lakini usizinunue dukani kienyeji. Nyingine ni hatari kwa mwenye presha au aliyepata kifafa cha mimba. Daktari akupime kwanza.

Titi likiwa jekundu upande mmoja, la moto, na homa ikapanda, nenda hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo damu ikilowanisha pedi mbili kwa saa, saa mbili mfululizo, au ikianza kunuka. Waliosafishwa kizazi wasidhani hatari imekwisha. Na kabla hujatoka wodini, uliza kundi lako la damu: mwenye damu hasi (Rh hasi, kama O- au A-) huenda akahitaji sindano ya anti-D, inayozuia mwili wake kuishambulia damu ya mtoto, ndani ya saa 72, kwa ajili ya mimba zijazo.

Sasa mtoto mwenyewe. Mara nyingi wanaume wa familia humfunga haraka na kwenda kumzika, huku mama akiwa bado amelala wodini, kwa nia ya kumpunguzia uchungu. Baada ya miezi anauliza alifanana na nani, alikuwa na nywele, na hakuna anayeweza kumjibu. Muulizeni kwanza. Akitaka, ampakate; dakika kumi hazicheleweshi mazishi. Akikataa, asilazimishwe, bali mmoja amtazame vizuri na akumbuke. Kuhusu kuosha, sanda na sala, muulizeni sheikh au padri wenu mkitaja umri wa mimba, kwa sababu hukumu hubadilika kwa miezi. Nguo alizomnunulia mwanawe msizigawe kabla hajarudi nyumbani.

"Utapata mwingine" ni neno la kumnyamazisha. "Pole, mwanangu" inatosha, kisha kaa. Wanaotafuta mkono wa mtu waambieni kwamba karibu nusu ya mimba zinazotoka miezi mitatu ya mwanzo zina kasoro ya kromosomu, yaani vibeba urithi vya mwili, iliyoanza tangu kutungwa. Hakuna ndoo ya maji wala ugomvi wa nyumbani uliosababisha kasoro hiyo. Wadogo wa nyumbani msiwaambie mtoto "amelala". Wataogopa kulala. Semeni amekufa.

Baba naye huambiwa amtie moyo mkewe, basi hulia bafuni. Apewe pole yake, ashike mkono wa mtu mmoja anayemwamini. Kazini mama aende na karatasi ya ED, yaani ruhusa ya daktari ya kupumzika, iliyoandikwa wazi, na mtu mmoja awatangulie wenzake kuwaeleza, ili asiulizwe "mtoto hajambo?" mlangoni. Akipitisha wiki mbili bila kulala wala kula, au akisema heri angemfuata mwanawe, huo si wakati wa kusubiri arobaini; apelekwe hospitali, na usiku asiachwe peke yake.

Kadi ya kliniki ina tarehe ya matarajio. Mume aiandike mahali, kwani mama ataikumbuka hata asipoitaja, na siku hiyo asiende safari.