Mume wangu hapandi SGR, je, mama mkwe kamroga?

*Shangazi, tunaishi Nkuhungu. Mume wangu amekataa katakata kupanda SGR kwenda Dar kwenye harusi ya mdogo wangu. Usiku anaweweseka, analowa jasho, kisha anahamia kwenye kochi. Hana hamu na mimi, nahisi ana mwanamke. Mama yake ananikataza nisimguse akiwa usingizini. Si ndiye anayemchezea? Gauni nimeshalipia. Halafu utotoni alinusurika ajali ya treni ya Igandu, baba yake akafia humo. Nifanyeje?*
Mama Wawili, Dodoma

Pole, mwanangu.

Nimemtafuta huyo mwanamke kwenye barua yako, sijamwona. Nilichoona ni Igandu, umeitupia mwishoni, baada ya gauni! Juni 24, 2002 treni ya abiria ilirudi kinyumenyume mteremkoni, ikagongana na ya mizigo, watu zaidi ya 280 wakafa. Mtoto aliyetoka humo bila baba, leo unamnunia kwa sababu ya treni?

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hashtuki kwa kupenda. Ubongoni kuna sehemu ndogo, amigdala, kazi yake kunusa hatari. Baada ya balaa kama lile inaweza kubaki na wasiwasi miaka na miaka. Honi tu inatosha: adrenalini inamwagika, moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, jasho linamtoka. Ile sehemu ya mbele ya ubongo ambayo ingemwambia "hayo yalikuwa 2002" inazidiwa. Na mwili uliojiweka tayari kukimbia hauna habari na mapenzi. Wewe ukaita nyumba ndogo.

Mama mkwe yuko sahihi. Ukimtikisa mtu wa namna hiyo usingizini anaweza kukurushia ngumi kabla hajakutambua. Simama mbali kidogo, washa taa, mwite jina. Bibi wa watu alipoteza mume siku ile, akamlea huyo mtoto na ndoto zake, leo unampa uchawi. Kamwombe radhi.

Ndoa za siku hizi nazo! Mume akiweweseka, grupu la akina dada linajua kabla hata yeye hajaamka. Nina hakika dada zako wanajua. Koma.

Usimlazimishe kusimulia. Mko Dodoma, Mirembe, hospitali ya afya ya akili, iko hapo hapo, na usianze kunishikia mdomo eti kule ni kwa vichaa. Mtaalamu wa tiba ya mazungumzo humrudisha mtu kwenye kumbukumbu ile kidogo kidogo, mpaka mwili ukubali kwamba imepita. Watu hupata nafuu hata baada ya miaka mingi. Akishtuka usiku, avute pumzi taratibu, ya kutoa iwe ndefu kuliko ya kuvuta. Pombe ya kutafutia usingizi, hapana.

Harusini, mabasi ya Dar yapo kila siku. Akisema hata basi haliwezi, nenda na watoto, na mashemeji zake wakiuliza yuko wapi, sema kabanwa na kazi.