Ukubwa wa Mchezo Si Uzuri Wake: Mchezaji Wetu Ajibu Maswali ya Wasomaji

Maswali yaliyotufikia kuhusu michezo ya video ya miaka ya karibuni ni mengi, na mengi yake yanazunguka jambo moja: kwa nini mchezo uliosifiwa kila mahali humchosha mtu mapema, na ule ulioonekana mdogo ukamfanya akeshe. Kipimo changu ni hiki, na ndicho nitakachokitumia hapa chini: mchezo unapomdai mchezaji saa zake, subira yake na fedha zake, unampa nini badala yake?

Swali: Nilinunua Starfield kwa sababu ya ahadi ya sayari nyingi, lakini nimeiacha njiani. Elden Ring nayo ni kubwa mno, na bado naicheza. Je, tatizo ni langu au ni la mchezo?

Tatizo ni la mchezo. Starfield, iliyotoka Septemba 2023, ilijinadi kwa sayari zaidi ya 1,000, na sayari hizo kweli zipo. Sehemu kubwa ya ardhi yake, hata hivyo, hutengenezwa na kanuni za kompyuta, kisha juu yake hutawanywa vituo ambavyo vimebuniwa mara moja tu na kurudiwa kila pembe ya anga. Unatua, unatembea kwenye uwanda usio na chochote, unaingia katika maabara iliyotelekezwa, na baada ya vyumba viwili unatambua kwamba umeshafika hapa, ingawa ilikuwa kwenye sayari nyingine: meza ni ileile, maiti amelala palepale, na ujumbe ulioachwa kwenye kompyuta ni uleule neno kwa neno. Kuanzia dakika hiyo hamu ya kwenda kuona kilicho upande wa pili wa mlima inakufa, na hamu hiyo ndiyo nguzo ya mchezo wa kuvinjari anga.

Kasoro ya pili ni safari yenyewe. Kupaa, kuhamia nyota nyingine na kutua vimekatwa vipande vipande na skrini za kupakia, kiasi kwamba anga, ambayo ndiyo iliyomvuta mchezaji, inageuka kuwa orodha ya mahali pa kuchagua kwenye menyu. Watengenezaji waliongeza ramani bora za miji Mei 2024 na gari la kuendesha juu ya sayari Agosti mwaka huohuo. Gari lilipunguza kero ya kutembea, lakini halikuweza kuleta kitu kipya mwisho wa njia. Nisiifiche haki yake: sehemu ya kuunda chombo cha angani, kipande kwa kipande, ni ya hali ya juu, na natamani kama mchezo mzima ungejengwa kuizunguka.

Sasa tazama jinsi Elden Ring ya FromSoftware, iliyotoka Februari 2022, inavyoanza. Unatoka kwenye giza, nyika ya Limgrave inafunguka mbele ya macho yako, na adui mkubwa wa kwanza unayemwona hapo ni mpanda farasi aliyevaa deraya ya dhahabu, anayeitwa Tree Sentinel, akipita taratibu katikati ya njia. Wachezaji wengi humvamia, na karibu wote hufa kwa mapigo machache. Hakuna maandishi yanayojitokeza kukueleza ulichokosea. Unaporudi unagundua mwenyewe kwamba unaweza kumzunguka kwa mbali, ukaenda zako, ukapata farasi wako na silaha iliyo bora, kisha ukamrudia ukiwa tayari. Kwa tukio hilo moja mchezo umeshakufundisha jinsi ya kuutumia ulimwengu wake wote, na ndiyo maana ukubwa wake hauchoshi: kila unachokiona kwa mbali kimewekwa pale na mtu aliyefikiri utakifikiaje.

Hata hivyo Elden Ring haikosi madoa. Mahandaki ya makaburi yanafanana, na mabosi, yaani maadui wakuu, wanaoyalinda wanarudiwa, wakati mwingine wawili kwa pamoja, jambo ambalo kwangu ni njia hafifu ya kuongeza ugumu. Nyanda za theluji za kaskazini ni tupu kuliko maeneo ya mwanzo. Visa vya wahusika unaokutana nao ni vigumu kuvifuatilia. Sasisho la Machi 2022 liliongeza alama za wahusika hao kwenye ramani, lakini bado mtu anaweza kuvuka mlango mmoja na kupoteza hadithi nzima bila kuonywa. Ningekubali kabisa mchezo huu upunguzwe robo yake, na ninaamini ungekuwa bora zaidi.

Swali: Nimekwama katika Hollow Knight: Silksong. Wenzangu wananiambia nijikaze tu. Je, ugumu wake ni wa haki?

Jibu langu lina sehemu mbili, kwa sababu mchezo huu una ugumu wa aina mbili. Team Cherry, kikundi kidogo kutoka Adelaide nchini Australia, kiliutangaza mwaka 2019 na kuutoa tarehe 4 Septemba 2025, na mapambano yake yamepangwa kwa ustadi ambao sijauona katika michezo mingi ya picha bapa (2D). Kila pigo la adui lina dalili yake, kila dalili ina jibu lake, na Hornet, mhusika unayemwongoza, ni mwepesi kiasi kwamba ukipigwa unajua ni wewe uliyechelewa. Ni kweli kwamba unaanza na vinyago vitano vya uhai na kwamba maadui wengi huondoa viwili kwa pigo moja, lakini kujitibu kwa uzi kunarudisha vitatu kwa mkupuo. Ugumu huo ninautetea bila kusita.

Nisioutetea ni ule unaozunguka mapambano. Ukifa, mara nyingi unalazimika kurudi mbio kutoka kwenye benchi (mahali pa kupumzikia na kuanzia upya) lililo mbali, ukivuka miiba na maadui wadogo uliokwishawashinda, kabla ya kumfikia tena bosi aliyekuua. Mabenchi mengine hutozwa shanga, ambazo ndizo fedha za mchezo huu, tena katika maeneo ambayo shanga ni adimu, na ukifa mara mbili kabla ya kukifikia kifukofuko chako, kinachobaki ulipofia, shanga ulizobeba zinapotea. Hapo mchezaji hajifunzi chochote. Anaadhibiwa kwa kujaribu. Watengenezaji walilisikia hilo angalau kwa kiasi, kwani muda mfupi baada ya kuutoa walipunguza makali ya mabosi wawili wa mapema, Moorwing na Sister Splinter, na wakashusha kidogo bei ya baadhi ya mabenchi.

Ushauri wangu ni kwamba utunge shanga zako kwenye uzi kila unapopata nafasi, maana zilizotungwa hazipotei unapokufa. Pili, usimng'ang'anie bosi mmoja jioni nzima. Ramani ya Pharloom, nchi ya mchezo huu, karibu kila mara ina njia nyingine, na mwishoni mwa njia hiyo huenda kuna kifaa kitakachobadilisha pambano lako. Tatu, kama pigo la Hornet la kushuka kimshazari linakusumbua, tafuta nembo ya Wanderer, ambayo hulifanya pigo hilo kushuka wima.

Swali: Sijawahi kupenda mapambano ya zamu kwa zamu, lakini kila mtu ananisukuma nicheze Clair Obscur: Expedition 33. Je, itanibadilisha?

Huenda. Mchezo huu ulitoka Aprili 2025, ukiwa kazi ya kwanza ya Sandfall Interactive, studio ya Montpellier nchini Ufaransa. Ubunifu wake mkuu ni kwamba zamu ya adui si muda wa kukaa na kutazama. Adui anapoinua upanga, wewe mwenye kidhibiti cha mchezo mkononi unatakiwa kukwepa au kupangua kwa wakati uleule pigo linapofika, na ukifaulu kupangua mapigo yote ya mfululizo, mhusika wako hujibu kwa pigo moja zito linaloweza kugeuza pambano. Sikio lina kazi kubwa kuliko jicho hapa, kwa kuwa mapigo mengi yana mdundo. Anza kwa kukwepa, kwa sababu nafasi yake ni pana zaidi. Mchezo utakapokuonyesha kwamba umekwepa kikamilifu, ujue kwamba ungeweza kupangua, na kuanzia hapo pangua.

Hadithi yake nayo inastahili sifa. Kila mwaka kiumbe anayeitwa Paintress huandika namba mpya, iliyopungua kwa moja, na watu waliofikia umri huo hutoweka. Mwanzo wa mchezo unakuonyesha jambo hilo kwa watu wawili waliopendana, wakitembea pamoja kuelekea bandarini, na haukuharakishi. Nimecheza michezo mingi inayoanza kwa milipuko, na hakuna uliowahi kunifanya nijali upesi namna hii.

Kasoro zake mbili zinaniudhi kwa dhati. Ndani ya maeneo ya mapambano hakuna ramani, na baadhi ya maeneo yanafanana mno, hivyo mtu anajikuta akirudi alikotoka akidhani anasonga mbele. La pili ni baya zaidi: katika sehemu ya tatu nguvu za wahusika zinapanda kupita kiasi, na anayezunguka ulimwengu kwanza kabla ya kuikamilisha hadithi anaweza kumwangusha bosi wa mwisho kabla hajaonyesha nusu ya mapigo yake. Tukio lililojengwa kwa saa nyingi linapotea kwa dakika chache. Kwa hiyo malizia hadithi kwanza, kisha uzunguke.

Swali: Katika Baldur's Gate 3, ambako dadu huamua kama jaribio lako limefaulu, kila dadu linaponikataa narudi kwenye hifadhi ya mchezo na kulirusha upya. Je, ninajinyima kitu?

Unajinyima sehemu iliyo bora kuliko zote. Larian Studios ya Ubelgiji, iliyoukamilisha mchezo huu Agosti 2023 baada ya kuwaachia wachezaji sehemu ya mwanzo tangu Oktoba 2020, iliandika matokeo ya kushindwa kwa bidii ileile iliyoandika matokeo ya kushinda. Mlinzi uliyeshindwa kumshawishi kwa maneno bado anaweza kuzungukwa kupitia dirishani, kusukumwa kutoka ukutani, au kukwepwa kwa msaada wa mnyama aliye karibu, kama una uwezo wa kuzungumza na wanyama. Nakushauri urudi nyuma pale tu ambapo mhusika unayempenda atakufa moja kwa moja. Kasoro kubwa ya mchezo iko katika sura ya tatu, mjini, ambako kompyuta nyingi huzidiwa na baadhi ya visa hufungwa haraka. Hitimisho refu zaidi liliongezwa Novemba 2023, na lilihitajika.

Swali: Cyberpunk 2077 sasa inasifiwa sana. Je, tuisamehe ilivyoanza?

Mchezo wenyewe sasa ni mzuri, na sioni sababu ya kumzuia mtu kuucheza. Sasisho la 2.0 la Septemba 2023 lilijenga upya mfumo wa ujuzi na wa polisi, na nyongeza ya Phantom Liberty iliyofuata mwezi huohuo ina uandishi ulio bora kuliko wa mchezo wa awali. Lakini tusiandike historia yake kana kwamba ni ya ushindi mtupu. Ulipotoka tarehe 10 Desemba 2020, hali yake kwenye PlayStation 4 na Xbox One ilikuwa mbaya kiasi kwamba Sony iliuondoa kwenye duka lake la mtandaoni wiki moja baadaye, na haukurudi hadi Juni 2021. Na sasisho hilo la 2.0 linalosifiwa halikufika kwenye mashine hizo mbili za zamani. Maana yake ni kwamba walioumia zaidi mwanzoni, kama hawakubadilisha mashine, hawakuipata tiba ile. Ninapousifu mchezo huu, na ninausifu, huwa nawakumbuka hao kwanza. Subiri angalau wiki chache kabla ya kununua mchezo wowote mkubwa, na usilipie kabla haujatoka.

Swali: Mwanangu anaomba fedha kila mara kwa ajili ya pakiti za wachezaji katika mchezo wa soka. Je, nimruhusu?

Hapana. Soka lenyewe katika EA Sports FC linaburudisha, na mtoto anaweza kulicheza msimu mzima bila kulipa zaidi ya bei ya mchezo. Pakiti ni jambo jingine: analipa kabla ya kujua atapata nani, na mara nyingi anaambulia patupu. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba masanduku ya namna hiyo yanaingia katika sheria ya kamari, na mwaka uliofuata sarafu za kununulia pakiti katika FIFA, mtangulizi wa mchezo huu, zikaacha kuuzwa nchini humo. Mashine zote kuu zina mipangilio ya wazazi inayozuia manunuzi. Iwashe leo, na umweleze mtoto sababu.

Swali: Nina muda mfupi tu jioni. Ninunue mchezo gani mmoja?

Balatro. Uliundwa na mtu mmoja anayejiita LocalThunk, ukatoka Februari 2024, na hauhitaji kompyuta yenye nguvu. Unapanga mikono ya karata kwa kanuni za poka, lakini kuna karata za jokeri 150, kila moja ikivunja kanuni kwa namna yake, na furaha yote imo katika kuzioanisha: jokeri moja inaongeza alama kwa kila karata ya kopa, nyingine inairudia karata ya kwanza uliyocheza, na ghafla mkono dhaifu wa karata mbili unazidi ule uliokuwa ukiuota. Mzunguko mmoja humalizika kabla ya muda wako wa jioni kuisha, na unaweza kuuacha katikati ukaurudia kesho. Udhaifu wake ni kwamba katika viwango vya juu vya ugumu bahati ya duka huamua mengi, na mizunguko mingine hufa mapema bila kosa lako. Baki kwenye viwango vya chini hadi utakapoanza kuzitambua jokeri zinazofaa kukaa pamoja.