Kihispania: kata silabi kwanza, mkazo utafuata

Kwenu mnaoanza Kihispania: masikio ya Kiswahili ni mtaji. Mkazo wetu kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na Kihispania hufanya vivyo hivyo neno likiishia kwa irabu, n au s: casa, hablan, lunes. Likiishia kwa konsonanti nyingine, mkazo huenda silabi ya mwisho: hotel, doctor, ciudad. Neno linalokiuka kanuni hizo huwekewa alama: café, árbol, médico.

Hayo mtayashika upesi. Penye kazi ni kukata silabi, na hapo ndipo nawasihi mtulie, kwa sababu mazoea yetu yanatupoteza. Kwetu kila irabu ni silabi: u-a, ki-o-o. Kwao, i na u ni irabu dhaifu. Zikikaa jirani na a, e au o, huungana nayo kuwa silabi moja. Chukueni farmacia. Mswahili hukata far-ma-ci-a, anahesabu mbili kutoka mwisho, anakaza ci. Kumbe ni far-ma-cia, na mkazo uko kwenye ma. Agua nayo ni a-gua, silabi mbili tu. Lakini irabu dhaifu ikibeba alama, hujitenga na jirani yake: po-li-cí-a, pa-ís, Ma-rí-a. Irabu mbili zenye nguvu haziungani, kama kwetu: po-e-ta, ma-es-tro.

Jambo la pili ni m na n. Sisi tunasema ki-ta-mbo, wao wanakata tam-bor, cam-po, an-dan-do. S nayo hufunga silabi iliyotangulia ikifuatwa na konsonanti: es-pa-ñol, si e-spa-ñol. Ila bl, br, dr, tr na wenzao hawatenganishwi (li-bro, pa-dre), wala ch, ll na rr: ca-lle, pe-rro.

Msidharau alama hata mnapoandika haraka. Hablo ni “nazungumza”. Habló ni “alizungumza”. Na kwenye wingi, mkazo kwa kawaida hubaki palepale ila alama inaweza kuondoka au kuja: canción huwa canciones, joven huwa jóvenes. Kateni maneno hayo manne kwa kalamu, mhesabu silabi kutoka mwisho, na sababu ya kila alama mtaiona wenyewe.