Karel Kryl hakusahaulika

Huenda mtu akauliza kama Karel Kryl, mwimbaji na mtunzi wa nyimbo, alisahaulika kwao Chekoslovakia kwa kuwa aliishi uhamishoni miaka 20. Hapana, hata kidogo. Agosti 1968, vifaru vya Mkataba wa Warsaw, muungano wa kijeshi ulioongozwa na Umoja wa Kisovieti, vilipoivamia Chekoslovakia, alitunga wimbo wa kaka anayemtuliza mdogo wake anayelia, akimwambia afunge lango. Gita moja na sauti yake, basi. Albamu yenye jina la wimbo huo ilitoka 1969, ikapigwa marufuku. Mwaka huohuo alikwenda kwenye tamasha Ujerumani Magharibi, hakurudi.

Akiwa Munich alitangaza kwenye Radio Free Europe, redio iliyofadhiliwa na Marekani, na watu wa kwao walimsikiliza kwa siri.

Kinachoniuma ni kurudi kwake: Novemba 1989 alirudi kumzika mama yake, mapinduzi dhidi ya utawala wa Kikomunisti yakiwa yamepamba moto. Siku chache baadaye aliimba wimbo wa taifa jijini Prague, bega kwa bega na Karel Gott, nyota aliyependwa na utawala uleule. Wengi walidhani sasa atatulia. Aliwakosoa wanasiasa wapya vilevile, tena kwa ukali, na kugawanyika kwa nchi kuwa Cheki na Slovakia kulimuumiza sana. Alifariki Machi 1994, akiwa na miaka 49. Kaburi lake liko Břevnov, Prague.