Pini niliyoisahau kwenye boksi la zana

Juzi nimemkuta kijana wetu wa fildi amepiga magoti chini ya ndege ndogo, Cessna 210, iliyo juu ya jeki, mkono huu spana, mkono huu simu. Nikatoka nje kunywa maji, maana ulimi ulikuwa unaniwasha. Basi nayaandika hapa, wadogo zangu mnaotoka chuo na kuangukia mahanga, yaani mabanda ya kutengenezea ndege, ya Dodoma.

1. Futeni mguu wa mbele kila ndege inaporudi kutoka viwanja vya udongo. Vumbi la huku ni msasa, linakula sili, na asubuhi unakuta mafuta mekundu sakafuni na pua imeinama.

2. Miguu ikijaribiwa kwenye jeki, ishusheni pia kwa pampu ya mkono. Najua inachosha. Rubani naye itamchosha, tena huku anarusha ndege.

3. Usinyanyuke kazi ikiwa katikati. Hapa kaeni kidogo.

Leseni yangu ilikuwa mpya, na kiburi kipya vilevile. Nilikuwa nabadilisha silinda ya haidroliki ya mguu wa mbele. Bolti imeingia, nati yenye meno nimeikaza, spliti pini, ile ya kuzuia nati isilegee, nimeiweka kwenye boksi la zana tayari kuitia. Simu ikalia. Shemeji yangu yuko sokoni Kibaigwa, magunia ya mahindi yamefika, dalali anataka jibu sasa hivi. Tukavutana na bei dakika kumi. Niliporudi nikaendelea na mstari uliofuata kwenye kadi ya kazi, kwa sababu kichwani mwangu pini ilikuwa imeshaingia. Nikakunja miguu ya ndege, nikaishusha, taa ya kijani ya kusema miguu imeshuka na kujifunga ikawaka. Mwenzangu wa kukagua akauliza, "Umefunga?" Nikamjibu nimefunga. Akasaini.

Nati isiyo na pini haina haraka. Hutikisika, hulegea kidogo kidogo, safari hii na ile. Siku ya kumi na moja, saa nane mchana, kepteni akaita mnara wa kuongozea ndege: taa ya kijani haiwaki. Akapampu kwa mkono, pampu ikakaza kama kawaida, maana mafuta hayakuwa na kosa. Alipopita chini tukaona wote: miguu ya nyuma imesimama, wa mbele unaning'inia kama shingo ya kuku aliyechinjwa.

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kwa joto la saa ile hewa ni nyepesi, ndege inagusa lami kwa kasi kuliko inayosomeka kwenye saa ya mwendo. Kepteni akatua kwa miguu ya nyuma, akafunga mafuta, akazima umeme, akaishikilia pua juu mpaka usukani ukagoma. Pua ikalala. Ule mlio ni wa bati linaloburuzwa kwenye zege, ila ni mrefu zaidi. Abiria watatu wakashuka wenyewe, wazima. Propela ilikuwa bado inazunguka ilipogusa lami, kwa hiyo injini nzima ikafunguliwa kukaguliwa hadi krenkshafti, ule mhimili unaozungusha propela.

Mimi sikwenda kwenye ndege. Nilikwenda kwenye boksi langu. Pini ilikuwepo, trei ya chini, inang'aa, miguu yake haijapindwa. Nikaipeleka mwenyewe kwa wachunguzi, na kwa kepteni nikaeleza kila kitu. Hakunifokea. Aliniuliza tu mahindi niliuza bei gani.

Siku hizi nikikatizwa narudi hatua tatu nyuma, na pini naigusa kwa kidole. Macho yalishanidanganya.

4. Anayekagua kazi yako akiuliza badala ya kuangalia, mpe tochi.

5. Hesabuni zana kabla ya kushusha jeki. Spana ya 7/16 niliyoikuta juzi kwenye tundu la gurudumu ninayo mimi, na mwenyewe anajijua. Aje na chai ya saa nne. Simu aiache.